Sanamu ikae jirani na pango lake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kutembea Ujerumani niliisoma yote. Maelekezo ya viza na mavazi ya baridi yalikuwa mazuri, hilo nampa mwandishi wenu. Ila pale alipowaambia wasomaji kwamba ukishaona Berlin, Munich na kasri la Neuschwanstein umemaliza, na kwamba miji midogo ina bia na masoko ya Krismasi tu, nimeona nishike kalamu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Ulm, kusini mwa Ujerumani, na kazi yangu ni uuguzi. Nikipata mgeni kutoka nyumbani simpeleki Munich. Nampandisha treni ya mkoa inayoelekea Sigmaringen, na kabla hajachoka kuchungulia dirishani tunashuka Blaubeuren. Mji una watu kama 12,000. Ukitoka kituoni unaona majabali ya chokaa yamesimama juu ya mapaa, na bonde pana mno kwa vijito vyembamba vinavyopita humo. Bonde hilo lilichimbwa na mto Danube wenyewe, kabla haujahamia njia yake ya sasa, kusini zaidi, wakati wa zama za barafu. Mto ukahama, bonde likabaki.

Kila mgeni huanzia Blautopf, na si vibaya. Ni chemchemi ya duara iliyo nyuma ya monasteri, yenye kina cha mita 21 hivi, na rangi yake ni buluu ambayo usipoiona kwa macho utadhani picha zimechezewa. Hakuna aliyetia dawa. Mvua inayonyesha juu ya uwanda wa Alb, nyanda za juu za chokaa za huku kwetu, haibaki juu. Inazama kwenye nyufa za chokaa, inasafiri gizani, kisha inaibukia hapa ikiwa na chembe ndogo mno za chokaa zinazoutawanya mwanga. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni hahitaji somo refu, maana kule nako ni chokaa ya enzi ya Jura, na maji yameila vivyo hivyo. Kwa wastani zinatoka lita 2,300 kila sekunde, na wakati wa mafuriko hupita 30,000. Ndiyo maana nawaonya wageni: mvua kubwa ikinyesha, buluu inageuka kijani, na ikizidi inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Wapo wanaofika siku hiyo wakaondoka wamenuna, wakidhani wameibiwa. Mimi nawaambia hiyo ndiyo siku ya kuelewa chemchemi ni nini.

Kuogelea hakuruhusiwi, na kupiga mbizi ni kwa watafiti wenye kibali tu, maana watu wamekufa mle. Mwaka 1985 mpiga mbizi Jochen Hasenmayer alipita chini ya maji zaidi ya kilomita moja, akaibuka ndani ya ukumbi mkubwa wenye hewa. Tangu hapo vikundi vya watafiti vimeendelea kusonga mbele, na njia zilizokwisha kupimwa humo ndani zinapita kilomita 10. Wewe uliye juu unaona bwawa tu, na bata wawili watatu.

Shangazi yangu, mkunga mstaafu, alipofika ukingoni hakusema lolote kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa wenyewe hawasemi kuna chunusi?" Nikacheka, nikamwonesha sanamu ya mwanamke iliyowekwa kando ya maji. Wenyeji wanasimulia habari za Lau, binti wa majini, ambaye mumewe, mfalme wa Bahari Nyeusi, alimfukuzia huku kwa sababu alikuwa akizaa watoto wafu, na asingepata mtoto aliye hai mpaka acheke mara tano. Shangazi akaguna. "Mume kama huyo hata kwetu wapo," akasema, akaenda zake kutazama karakana ya mhunzi pale kando, ambayo nyundo zake huendeshwa kwa gurudumu la maji.

Monasteri nitaipita haraka, si kwa kuidharau. Iliasisiwa na Wabenedikto mwaka 1085, na waliosoma Ndanda au Peramiho watajihisi hawako ugenini. Altare yake ya mbao yenye mabawa, ya miaka ya 1493 na 1494, kazi ya mafundi wa Ulm, inastahili nusu saa ya mtu aliyekaa kimya. Baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti watawa waliondoka, pakawa shule, na mpaka leo wanafunzi wanasoma na kulala humo.

Lakini hayo yote, Mhariri, hayakunifanya nikuandikie. Chemchemi nzuri na kanisa la zamani utavipata hata kwingine. Kinachonipeleka Blaubeuren mimi kimo ndani ya hospitali ya kale ya mji, ambayo siku hizi ni makumbusho ya historia ya kabla ya maandishi. (Muuguzi hakosi kuona mlango wa hospitali, hata iliyofungwa zamani.) Ndani yake kuna chumba chenye giza, na ndani ya chumba kuna sanduku la kioo, na ndani ya sanduku kuna mwanamke wa sentimita 6.

Amechongwa kwa pembe ya mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya. Uzito wake ni gramu 33. Matiti makubwa, tumbo, nyonga pana, mikono mifupi iliyolazwa juu ya tumbo, na mwili mzima umechanjwa mistari. Kichwa hana; mahali pa kichwa pana kipete kidogo, kwa hiyo inaelekea alivaliwa kwa kamba. Alipatikana Septemba 2008 akiwa vipande sita, katika uchimbaji wa Chuo Kikuu cha Tübingen ulioongozwa na Nicholas Conard, na mkono wa kushoto haukuwamo. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 40,000, na hivyo ni miongoni mwa sanamu za binadamu za kale kabisa zinazojulikana duniani. Shangazi aliinama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema, "Huyu amezaa, na amenyonyesha." Nimesoma maelezo ya wataalamu, wengine wakisema ni alama ya uzazi, wengine hirizi, na bado naona maneno ya mkunga yanatosha kuanzia.

Karibu naye kuna filimbi iliyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la tumbusi, ina matundu matano ya vidole na urefu wa sentimita 22 hivi. Ilitoka pango lile lile, mwaka ule ule wa 2008. Zipo na nyingine za mfupa wa batamaji na za pembe ya mamothi, kutoka pango la Geißenklösterle lililo jirani. Fikiria jasho la kutengeneza filimbi ya pembe: uipasue kwa urefu, uikombe ndani, uirudishe pamoja bila kuvuja hewa, na zana yako ni jiwe. Mtu mwenye njaa tupu hafanyi kazi hiyo. Hao watu walikuwa na muda, na walikuwa na ngoma zao.

Sasa fuata jambo lenyewe. Ukitoka makumbusho, unapanda tena treni, au baiskeli, au unatembea kama miguu ni mizima, ukifuata bonde la Ach kuelekea Schelklingen, na kabla ya kufika mjini unakuta mdomo wa pango la Hohle Fels, pale pale alipochimbuliwa yule mwanamke. Unapita ujia mfupi wenye baridi, kisha ghafla paa linainuka na unasimama ndani ya ukumbi wa mita za mraba 500. Karibu na mlango kuna shimo la wachimbaji lililozungushiwa magunia ya mchanga, lenye tabaka za udongo zilizobandikwa vibandiko. Wakati wa msimu wao, udongo hutolewa kidogo kidogo, ukafungwa mifukoni kwa namba, ukaoshwa kwenye chekecheo, na kilichobaki kikapekuliwa kwa kibano. Hivyo ndivyo kitu cha gramu 33 kinavyoonekana, kipande kwa kipande.

Asubuhi umeiona sanamu, alasiri umesimama ilipolala miaka 40,000. Hakuna jumba la makumbusho la Berlin linaloweza kukupa hilo. Sanamu hiyo ilioneshwa Stuttgart mwaka 2009, katika maonesho makubwa ya sanaa za zama za barafu, na ingekuwa rahisi sana kubaki huko, kwenye mji mkuu wa jimbo wenye watu na pesa. Leo iko Blaubeuren. Mwaka 2017 UNESCO iliyaweka mapango sita ya eneo hili, ya mabonde ya Ach na Lone, kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mgeni anayekuja kwa ajili ya urithi huo hana budi kulala, kula na kununua tiketi huku huku bondeni.

Nasema haya nikijua si kila kitu kilibaki. Yule mtu mwenye kichwa cha simba, mwenye urefu wa sentimita 31, ambaye vipande vyake vilichimbwa bonde la Lone Agosti 1939, siku chache kabla ya vita kuanza, yuko hapa kwetu Ulm, na sitakuwa mnafiki nikasema sifurahi kuwa naye karibu. Sanamu nyingine ziko Tübingen. Watakuja pia watu wa kuniambia kwamba mji mdogo hauna ulinzi wala wataalamu. Blaubeuren ilijibu hoja hiyo kwa vitendo: makumbusho yake yanafanya kazi bega kwa bega na chuo kikuu.

Kwa nini nawasumbua wasomaji wa Kiswahili na bonde la Wajerumani? Kwa sababu kisa cha pili, cha vitu kuondolewa pale vilipochimbwa, tunakijua sisi. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani hao hao walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, ikabebwa na wapagazi wetu hadi pwani, na leo mifupa iliyounganishwa imesimama Berlin, urefu wa juu mita 13 na ushei. Mwandishi wenu aliisifia, na ni kweli inastahili. Anayekwenda Tendaguru yenyewe anakuta msitu na nyasi. Hata fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 liko nyumbani Tanzania, lakini lenyewe limehifadhiwa Dar es Salaam, na anayefika bondeni anaoneshwa nakala. Sidai lirudishwe kesho. Najua mambo ya joto, unyevu na wezi. Ninachodai ni kwamba hoja ya "mjini ndiko kwenye usalama" isitajwe kama vile haina jibu, wakati mji wa watu 12,000 umekwisha kuijibu.

Na kuna mahali ambapo hoja hiyo haina hata pa kuegemea. Michoro ya Kolo, wilaya ya Kondoa, iko kwenye mwamba. Haihamishiki, na imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, miaka 11 kabla ya mapango ya Alb. Kurasa zenu za safari, kwa miaka yote niliyozisoma, sikumbuki zilipoieleza namna ya kufika Kolo, wapi pa kulala na nani wa kukuongoza mlimani. Mngeweza kuanzia hapo kabla ya Neuschwanstein, ambalo, kwa taarifa ya mwandishi wenu, lilianza kujengwa mwaka 1869 na ni changa kuliko misikiti mingi ya pwani yetu.

Kama atakuja huku kujionea, asije Novemba akapiga picha moja na kurudi. Majira ya baridi mapango mengi ya Alb hufungwa ili popo walale kwa amani. Aje kiangazi, asafiri kwa tiketi ya mwezi ya treni za mikoa, avae viatu vya kupandia, kwa sababu nitampandisha kwanza Rusenschloss, magofu ya ngome juu ya mji, apate kuliona bonde lote kabla ya kushuka pangoni. Anitaarifu mapema tu, nipange zamu.

Msomaji wenu,
Ulm, Ujerumani