Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wamiliki wa Malori, Mwanza

Ndugu wanachama,

Ada na hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nina habari ya moshi, maana simu nyingi nilizopokea usiku mwaka huu zilihusu hilo: lori limezuiwa, dereva kaambiwa gari lake linafuka.

Kwenye mafuta tulishapatana. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango kimoja: salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni, kwenye petroli 150. Kwa hiyo dizeli ya Igoma hapa Mwanza inatakiwa iwe sawa na ya Kisumu au Kampala.

Kwenye magari kila nchi ina lake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza lenye miaka 15 na zaidi. Sisi tunaruhusu, ila kuukuu linalipiwa ushuru wa ziada. Yote hayo yanakuja kukutana mipakani, Sirari kwa Kenya na Mutukula kwa Uganda. Mbona uzito tuliuweza? Tani 56 kwa lori la ekseli saba ni zilezile ukivuka mpaka, na mizani haina mjadala. Moshi nao upimwe hivyo, cheti kimoja kitambulike pande zote.

Sasa tujiseme na sisi. Nilipita gereji moja Buzuruga nikamkuta fundi kachuchumaa chini ya gari la mwenzetu, patasi mkononi, anabomoa masega, yaani kile kifaa chenye vitundu kinachosafisha moshi kwenye bomba la eksozi. Vipande vya kijivu vimejaa juu ya gunia. Mwenye gari (simtaji, anajijua, na leo kakaa nyuma) akanieleza kuwa masega yaliziba, gari likawa halivuti mlimani. Nikamuuliza alijaza wapi. Kwenye madumu, njiani, kwa sababu ni bei rahisi. Dizeli ya namna hiyo hujui ina salfa kiasi gani wala imechanganywa na nini, na salfa ndiyo inayoua masega. Fundi akayachukua kwa bei ya soda mbili. Humo ndani mna platinamu, jamani!

Wanaokwenda Kigali wanashukuru daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko na injini kuunguruma bure vimekwisha. Lakini Rwanda nayo mwaka huohuo imeanza kupima moshi wa magari kwa mashine. Patasi haitawasaidia huko.

Kuhusu cheti kimoja, kamati iliandika barua mbili kwa wahusika. Ya kwanza ilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya pili bado.

Tumeazima mashine ya kupimia moshi, iko pale getini. Mkutano ukiisha kila aliyekuja na gari apite. Langu litatangulia, na majibu yake yatabandikwa ubaoni hata yakiwa ya aibu.

Mwenyekiti