Kwa Nini Tunatoza Fedha Kupima Kompresheni ya Mazda RX-8

Lalamiko linalotufikia mara nyingi zaidi katika gereji yetu ya Tabata ni kwamba tunatoza fedha kabla hatujatengeneza chochote. Hivi karibuni mteja mmoja aliondoka ameudhika, akisema kwamba kadi ya RX-8 yake inaonyesha injini ya lita 1.3 kama ya Toyota IST ya mke wake, na fundi wa IST husikiliza mlio tu, bure, akajua ugonjwa. Kwa kuwa wengine wengi huuliza jambo hilohilo, tumeona ni heri tulijibu kwa maandishi.

RX-8, iliyotengenezwa Japani kuanzia 2003 hadi 2012, haina pistoni wala valvu. Ndani ya injini yake mna rota mbili za pembe tatu, kila moja ina pande tatu zinazofanya kazi kwa zamu, na kinachozuia mgandamizo (ndiyo kompresheni) usivuje ni sili nyembamba zilizopo kwenye ncha na ubavuni mwa rota. Sili zikishachakaa hakuna tiba ya nje. Injini hushushwa na kufunguliwa yote.

Geji ya kawaida ya kompresheni, ambayo kila gereji inayo, hushikilia namba ya juu kabisa iliyopatikana, kwa hiyo rota yenye upande mmoja mzima na pande mbili zilizokufa husomeka kama rota nzima. Kifaa chetu hutoa namba tatu kwa kila rota, nasi huzisahihisha kwa mwendo wa mizunguko 250 kwa dakika, kwa sababu starta dhaifu hushusha namba na kumfanya mteja aambiwe injini imekufa wakati haijafa. Upande wowote ukisoma chini ya kilo 6.9 kwa sentimita ya mraba, umevuka kikomo cha kiwanda. Kwa kazi hiyo tunatoza shilingi 80,000, na tunazikata kwenye ankara endapo matengenezo yatafanyika kwetu.

Wako waliookoa kiasi hicho na kupoteza kikubwa. Mzee mmoja wa Mbezi alikuwa na gari linalowaka vizuri asubuhi, lakini likizimwa baada ya foleni ya Barabara ya Morogoro haliwaki tena mpaka lipoe. Aliuziwa starta, kisha betri, kisha pampu ya petroli, vyote kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani na vyote vizima, kabla ya kutufikia na rota ya nyuma iliyokwisha. Gari la aina hii likigoma kuwaka likiwa la moto, cha kwanza kushukiwa ni kompresheni.

Hata hivyo, injini nyingi tulizofungua hazikuanza kufa zenyewe; ziliuawa na koili, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Koili zikichoka cheche hupungua, petroli isiyoungua huosha oili kwenye sili, halafu huenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kisafisha moshi) mpaka yayeyuke na kuziba, na joto lisilopata njia hurudi kwenye injini. Hapo ndipo wateja hupenda njia ya mkato: kununua koili moja ya mtumba kwa ajili ya ile iliyokufa, au kukata masega ili gari lipumue. Kukata masega huondoa kizibo tu, kwani petroli huendelea kuosha sili kama kawaida. Sisi hubadilisha koili zote nne pamoja na plagi nne, ambazo ni za aina mbili, za juu na za chini, na hazibadilishani nafasi (tumewahi kupokea gari lililofungwa plagi nne za aina moja, eti duka liliishiwa). Bei yake hufuata dola na hatuipangi sisi, lakini haifiki robo ya gharama ya kufungua injini.

Kuhusu oili, gari hili huichoma kwa makusudi ya kiwanda, maana pampu ndogo huinyunyiza ndani ya vyumba vya injini ili kulainisha sili. Dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ikaguliwe kila tangi la pili la mafuta. Anayesema tumemwachia gari "linalokula oili" ameelewa vibaya, ingawa linalotoa moshi wa buluu mfululizo ni suala jingine.

Lipo pia kosa la uani. Mwenye gari huliwasha asubuhi ili kumpisha mpangaji mwenzake atoke, hulisogeza hatua chache na kulizima likiwa baridi. Jioni haliwaki, kwa kuwa petroli imefurika ndani. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho wakati wa kupiga starta, ili petroli ikatwe na iliyomo itoke. Likikataa, acha kabla betri haijaisha, utupigie simu tuje kufungua plagi. Usikubali kulivuta kwa kamba.

Anayeleta gari kwa kipimo alilete likiwa limetembea hadi kupata joto lake la kawaida, betri ikiwa imejaa, na asiweke oili mpya siku hiyo, kwa sababu tunataka kuiona ya zamani.