Wanamuziki wetu, tuachieni na muziki mtupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie ombi wanamuziki na wenye studio wa Unguja na Dar es Salaam: mkitoa wimbo, toeni na muziki wake mtupu, usio na sauti ya mwimbaji. Sababu yangu itawachekesha baadhi ya wasomaji, lakini mimi imeninyima usingizi miezi kadhaa.

Binti yangu ana miaka 11, anacheza jimnastiki hapa Houston tunakoishi. Mpaka daraja la 5 wasichana huchezea muziki uliokwisha kupangwa, nami niliusikia hadi nikawa nauimba nikiosha vyombo. Akifika la 6, mtoto anajichagulia wake wa kuchezea sakafuni. Nikasema hilo dogo.

Kumbe! Muziki usizidi sekunde 90, na usiwe na neno hata moja. Likisikika, majaji wanakata pointi 1 nzima, na huku wasichana wanapishana kwa vipande vya mia. (Wavulana huruka kimya kimya bila muziki. Mama zao wana raha.)

Binti alitaka singeli, ule muziki wa mbio wa Dar es Salaam, aliyoisikia kwenye harusi Temeke tulipokuja likizo. Tena alikuwa na hoja: Rebeca Andrade wa Brazil, aliyechukua dhahabu ya sakafu Paris 2024 na kumwacha Simone Biles na fedha, alicheza Olimpiki ya Tokyo kwa funki ya mitaa ya kwao. "Sasa mama, sisi hatuna mitaa?"

Nikatafuta. Kila singeli niliyoipata, mtu anaongea tangu mwanzo hadi mwisho bila kumeza mate. Nikajaribu programu ya kufuta sauti, ikabaki kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Ningeweza kujiambia, nani Texas atajua kama lile ni neno? Lakini sikutaka kumfundisha mtoto udanganyifu. Na kocha naye alisema kwa mwendo ule mtoto ataishiwa pumzi kabla ya nusu. Anataka muziki unaopanda mtoto anapokimbia kutoka pembe hadi pembe kwenda kupiga kichwangomba, unaotulia anapocheza na kuvuta pumzi, na unaokatika kwa kishindo anapoganda na pozi lake la mwisho. Ukififia taratibu kama redio iliyoishiwa betri, umeharibu.

Hapo nikakumbuka bashraf. Mimi ni mtoto wa Michenzani, Unguja. Marehemu baba hakukosa taarab. Wasiojua: bashraf ndiyo hufungua onyesho kabla mwimbaji hajasimama. Fidla, kanuni, udi, nai, akodiani, neno hakuna. Watu wengi huiona kitu cha kungojea wageni wakae, na utotoni na mimi nilikuwa mmoja wao. Nikamsikilizisha kocha. Akafumba macho, akasema, "Nzuri sana. Sasa ataruka saa ngapi?" Alikuwa na haki. Bashraf inakwenda mwendo wa bibi harusi.

Cha kurukia ni kidumbak, ndugu yake taarab mwenye ngoma za kuchezeka. Lakini kidumbak bila mwimbaji sikuipata popote. Ikabidi kaka yangu aende kwa wapigaji kule Unguja, awalipe, awarekodi kwa simu uani kwao: kwanza mwanzo wa bashraf kwa fidla peke yake, halafu ngoma, mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na sanduku (besi ya kisanduku na uzi). Mara ya kwanza jogoo aliwika katikati, wakarudia.

Jamani, hii ndiyo njia? Muziki mtupu mnao tayari kwenye kompyuta zenu, kwa sababu mwimbaji huingia baadaye. Uwekeni sokoni, jina la mpigaji na bei vijulikane, tununue kwa halali. Hapa kuna watu wanaoishi kwa kuuza muziki wa sekunde 90 kwa wazazi kama mimi, na nilipowauliza cha pwani yetu hawakuwa nacho hata kimoja. Na vikundi vya taarab, rekodini bashraf zenu vizuri, wazee waliozishika wangali hai. Kikundi cha Ikhwani Safaa cha Unguja ni cha tangu 1905. Hazina yote hiyo isiishie kwenye kumbi za harusi.

Tulibaki na sekunde 86. Sauti ya mtu inaruhusiwa mradi isitamke neno, kwa hiyo mwanzo kabisa tuliweka kigelegele cha bibi yake, alichonitumia kwa WhatsApp baada ya kukataa mara tatu kwamba koo limezeeka. Kwenye shindano la kwanza mtoto alipata 8.925, akawa wa sita. Kichwangomba cha pili alitua nje ya mstari. Alipomaliza, jaji akamwita kocha mezani: ile sauti ya mwanzo ni neno? Kocha akanigeukia nilipokaa.

Nikapiga kingine.

Mzaliwa wa Michenzani,
Houston, Texas