YAH: SIMU YANGU KUFUTWA KAUNTANI NA MATOLEO YA ANDROID MLIYOAHIDI

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu mnayajua, mmeyachapa wenyewe kwenye boksi: matoleo makubwa mawili ya Android baada ya lile ambalo simu ilikuja nalo. Yangu ilikuja na Android 14. Android 15 ilifika kwenye simu za Pixel, zile za Google wenyewe, Oktoba 2024, Android 16 ikafuata Juni 2025, na mimi kila nikitafuta sasisho naambiwa simu yangu iko sawa. Sawa kwa nani?

Mambo haya nayafuatilia tangu yakiwa matoleo ya majaribio. Nilichokisubiri kwenye 15 ni ile sehemu ya faragha, unayofichia programu za benki kwa kufuli lake lenyewe. Kwa mtu anayepita Kariakoo na mihamala yake yote mfukoni, hilo si pambo.

Nilifika kwenu na risiti mkononi. Mhudumu akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: “Braza, simu ya bei hii unataka Android 16 ya nini?” Foleni ikacheka. Msimamizi wake alikuwa pale pale, naye akatabasamu.

Naomba, kwa heshima, mniombe radhi kwa maandishi na mnipe tarehe ya sasisho.

Kabla ya hapo nilishawaandikia barua pepe, mkajibu “tunalifanyia kazi”. Na tangazo la simu yenu mpya, kwa ahadi ileile, nimelisikia leo asubuhi kwenye daladala!

Hili la kaunta nalirudia, maana sijalimaliza. Watu wakiwa bado wanacheka, mhudumu aliichukua simu “aicheki”. Akanirudishia niandike namba ya siri, eti mfumo unaitaka. Nikajua anatazama toleo. Kuja kushtuka, skrini inaniuliza nachagua lugha gani. Ameireseti! Hakuniuliza kama picha na mafaili yangu yamehifadhiwa kwingine. Kureseti hakuleti toleo jipya, hilo fundi yeyote wa mtaani analijua. Simu iliwaka na Android 14 ileile, tupu. Nilipohoji, akajibu, “Si ulitaka mpya?” Wakacheka tena.

Kwa hiyo radhi na tarehe hazitoshi. Nataka fedha zangu zote, na gharama ya fundi anayejaribu kuokoa mafaili. Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita, suala la ahadi ya kwenye boksi nalipeleka Tume ya Ushindani, na la kufuta vitu vyangu bila ridhaa nalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa Sheria ya mwaka 2022. Nikishafika huko, msinipigie kuomba tuyamalize.

Majibu yaje kwa maandishi.

Mteja wenu,
(Jina na nakala ya risiti nimeambatisha.)