Barua kwa mwanangu: hiyo laki tano usiisainie

Mwanangu Rehema,

Salamu zako nimezipata, huku Mbagala wote wazima. Ile barua ya kazini uliyonitumia picha wasapu nimeisoma, nimeikuza mpaka macho yakauma, na huo mstari wa tatu ndo umeninyima usingizi, "ameacha kazi kwa hiari yake". Hiari ipi? Umewaambia una mimba ya miezi minne, wiki hiyohiyo bosi anakutumia meseji kaunta inataka mtu mwepesi, usije tena, leo eti umeacha mwenyewe, na wanataka uchukue laki tano usaini kwamba hudai kitu. Watu hawana haya!

Sasa wale wa mfuko wa hifadhi ya jamii kukunyima fao la kukosa ajira usiwalaumu sana, wanasoma karatasi. Fao lile theluthi ya mshahara kwa miezi 6, anapewa aliyeachishwa na ana michango ya miezi 18 au zaidi, aliyeacha mwenyewe hapati. Michango unayo, kinachokukwamisha ni huo mstari, kwahiyo hata ukigombana dirishani mpaka jioni utachoka bure, ugomvi wako uko kwa mwajiri na wa kuusikiliza ni CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mambo ya kazi.

Huko nenda mapema, ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri, zikipita uanze kuomba kuongezewa muda na kujieleza, usumbufu mtupu. Unajaza fomu namba moja, nakala unampelekea mwajiri na asaini kwamba kapokea, maana hao wenzako nishawajua. CMA hawatozi hela, ukikutana na kishoka akikwambia lete kitu kidogo, wewe mpite tu. Wanaanza kuwasuluhisha, mkishindwana ndo linaenda kwa mwamuzi.

Sheria ya ajira ya 2004 imekataza kumwachisha mtu kisa mimba, na mwajiri ndo anatakiwa kuthibitisha kwamba kakuachisha kwa haki. Ila wao watakomaa kwamba uliacha, hapo wewe ndo utaanza kuonyesha uliachishwa, so ile meseji ni mali, usiifute, iprinti, tuma na kwangu. Na yule dada wa zamu muulize kama atakubali kuja kusema alichosikia, akiogopa usimlazimishe, ana watoto.

Mjomba wako anasema chukua hiyo laki tano usaini hudai kitu yaishe. Mjomba wako hajawahi kubeba mimba. Usisaini chochote mpaka tutoke CMA, Jumatatu naomba ruhusa twende wote, njoo ulale huku Jumapili.

Mama yako