Ahadi za Maalim

Mkomani, Lamu

Kwa ndugu yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya, wewe na ahali zako wote pamoja na jamaa wa Malindi. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ingawa baraza limepwaya, nawe unajua kwa nini.

Najua kwamba habari za msiba wa Maalim wetu wa uchongaji zilikufikia kwa simu siku ile ile, na kwamba hakukuwa na basi ambalo lingekufikisha kwenye gati ya Mokowe kabla ya alasiri. Jamaa wote wamelielewa hilo, kwa hiyo usiendelee kujitia unyonge. Nakuandikia kwa sababu nyingine. Baada ya hitima limezuka jambo ambalo halielezeki kwa simu, na ambalo bila ya kauli yako naona halitatulia, nalo ni ahadi za Maalim.

Kwanza nikusimulie maziko kwa ufupi, maana najua utauliza. Alifariki baada ya sala ya alfajiri, akazikwa alasiri. Wachimbaji walituletea kipimo cha mwanandani wa kaburi, nasi tukazikata mbao za kuufunikia pale pale kwenye daka lake, juu ya meza yake ya kazi, kwa msumeno wa Nahodha, kwa kuwa ule wa Maalim hakuna aliyetaka kuushika. Mbao zilipokwisha kukatwa, Karani akachukua randa akaanza kuzipiga uso. Kijana mmoja akamwambia kwamba mbao hizo zinakwenda kufukiwa mchangani na hazihitaji randa. Karani hakumjibu. Alizipiga randa pande zote mbili, akazilainisha kingo kwa msasa, akayakusanya maranda yote kwa mkono, ndipo akaruhusu zichukuliwe. Unamjua Karani, mtu ambaye kiti chake cha kwanza hakijapata kusimama kwa miguu yote minne hadi leo. Siku hiyo hakuna aliyemtania.

Basi, hitima ilipokwisha kusomwa, mwanawe mkubwa aliyekuja kutoka Maskati alisimama, akarudia tangazo alilokwisha kulitoa makaburini, kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze. Sote tulidhani kwamba hatatokea mtu, kwa kuwa Maalim hakuwa mtu wa kukopa hata kibiriti. Akainuka mwalimu wa chuo cha wasichana, akasema kwa haya nyingi kwamba yeye hadai fedha, ila Maalim alimwahidi marfaa ya kuwekea msahafu mkubwa wa chuoni. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Jirani yake Maalim, yule mjane wa nyumba ya nyuma, alituma mtoto kusema kwamba aliahidiwa mbuzi ya kukunia nazi, na kwamba ulimi wa chuma amekwisha kuununua. Mzee wetu wa Langoni aliahidiwa bakora. Bibi mmoja, ambaye mjukuu wake ataolewa baada ya mfungo, aliahidiwa mitawanda ya bibi harusi, viatu vya mti vyenye nakshi kwenye vigingi vyake. Mwanawe Maalim alikuwa akiandika yote kwenye karatasi, na nilipomtazama usoni sikujua kama analia au anacheka.

Tusishangae, ndugu yangu. Mtu asiyeuza huahidi, na Maalim hakuuza hata mwiko. Tangu mji wetu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mlango wa nakshi umekuwa bidhaa ya kugombaniwa, na yeye alitakwa mara nyingi na wenye mahoteli awafanyie kazi kwa bei ambayo pensheni ya ualimu haijapata kuiona, akakataa kila mara kwa adabu ile ile, akisema kwamba wachonga kwa riziki wapo na yeye hataki kuwaingilia katika chungu chao. Pale barazani alikuwa hachoki kututolea mfano wa Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango kwa wakati mmoja. Kila aliposikia mtu akisema kwamba yeye ni muuguzi tu, au baharia tu, na kwamba patasi ina wenyewe, jina la Kijuma lilitoka. Hivyo ndivyo alivyotukusanya sisi sote tusio mafundi, tukawa na mahali pa kwenda baada ya alasiri, na mtu wa kutuonyesha jinsi ya kuishika bobari, patasi ile ya makali ya mviringo, bila ya kujikata kidole.

Narudi kwenye ahadi. Kwa kuwa ahadi ni deni, tulikutana siku ya pili yake tukaafikiana kwamba tutazilipa sisi, kila mmoja kwa kadiri ya mkono wake. Nahodha amechukua bakora, na tumemwekea sharti moja tu, kwamba asiipake mafuta ya sifa. Hujasahau, naamini, kigoda kile alichokipaka mafuta ya papa kama kwamba ni jahazi, kikakosa mkaaji mpaka mvua za masika zilipokiosha. Mimi nimechukua mbuzi. Mitawanda imechukuliwa na yule muuguzi wetu, ambaye siku hizi mkono wake umekuwa mwepesi kuliko wa yeyote kati yetu.

Tatizo ni kwamba wadai hawajaisha. Maalim hakuandika popote; ahadi zake zilikuwa kinywani mwake na katika masikio ya waliozisikia, na sasa kinywa kimefungwa na masikio yanazidi kuongezeka. Takriban kila jioni hutokea mtu mwenye neno la namna hiyo. Wengine nawaamini mara moja, kwa sababu wanachokidai kinafanana naye, mathalani yule mtoto anayesema kwamba aliahidiwa pia ya kuchezea, na anaweza hata kukueleza itakuwa ya mti wa mpera. Lakini wiki iliyopita alikuja bwana mmoja, sitamtaja lakini utamjua, akadai kwamba Maalim alimwahidi samadari nzima, kitanda chenye miguu ya kukereza. Nilimwuliza kwa utulivu kama ni ya kukereza kweli, naye akaapa. Sasa, Maalim hakuwa na kerezo maishani mwake, wala hakupenda kazi ya kerezo. Wewe mwenyewe ulimsikia akisema kwamba mti unaozungushwa hauna nafasi ya kufikiri. Nahodha alitaka kumfukuza. Karani akasema kwamba tusije tukamzulia mtu uongo, huenda marehemu alimjibu «inshallah» ili aondoke, naye akaichukua kuwa ni ahadi. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu «inshallah» ya Maalim ilikuwa na daraja nyingi, na wewe ndiye uliyekaa naye kwa muda mrefu zaidi kuliko sisi.

Kuna na hili la ubao. Karani anataka tuchonge ubao wa kumbukumbu wenye jina lake, kwa nakshi za mtindo wa Siyu, kisiwani Pate, zilizotiwa rangi nyeusi, nyekundu na nyeupe, tuuombee nafasi ndani ya ngome. Nia yake ni njema na sikumpinga mbele ya watu. Hata hivyo, nilivyoona mimi, ubao usitangulie mbele ya deni. Tena Maalim hakupata kuandika jina lake juu ya kazi yoyote. Alichokiacha upande wa chini, pasipoonekana, ni mistari ya bikari ambayo hakuifuta kwa makusudi, ili mwanafunzi akikipindua kitu aone kilipimwa vipi. Nimekipindua kigoda chake kilichoko kwangu nikaitazama tena. Kitundu cha mguu wa bikari kipo katikati, kidogo kama kichwa cha sindano, na duara sita zinakatana juu yake bila ya hata moja kupotoka. Jina lingeongeza nini hapo? Karani anajibu kwamba wageni na wajukuu hawatakwenda wakipindua vigoda vya watu, na katika hilo hakukosea. Nakuachia nawe ulipime.

Zana zake bado zimo sandukuni na sanduku limefungwa, nayo ni haki, kwa kuwa ni mirathi na lazima igawanywe. Mjane wake yumo edani na atakuwamo mpaka itimie miezi 4 na siku 10, kwa hiyo neno lolote letu humfikia kwa ulimi wa mke wangu. Kuna mwenye duka la vitu vya kale aliyekwisha kutuma mtu kuuliza bei ya sanduku zima ili alipambe dukani. Tumemwomba mwanawe Maalim kwamba, warithi wakiridhia, sisi tupewe nafasi ya kwanza ya kuzinunua kwa bei ya haki, kisha zibaki barazani zikitumika. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, bobari ikitundikwa ukutani bila ya kutumiwa, mwaka hauishi itakuwa imeliwa na kutu.

Sasa nafika kwenye ombi, nalo ni la marfaa. Hakuna aliyethubutu kuichukua. Unajua kazi yake ilivyo: ubao mmoja mzima usio na msumari wala gundi, unapigwa mstari katikati, yanachorwa meno ya bawaba, yanachimbwa kwa patasi nyembamba nusu kutoka uso huu na nusu kutoka uso wa pili, kisha ubao unapasuliwa kwa msumeno katika unene wake, kutoka ncha zote mbili, mpaka kwenye meno. Huko ndani macho hayafiki, na mtu hajui kama meno yameachana mpaka atakapojaribu kuufungua. Huku kwetu hakuna aliyepata kuifungua bila ya kuvunja jino. Wewe ulifungua yako mbele yake, ikalia kidogo, kisha ikatii, na Maalim akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Aliniambia kwamba kuna kipande cha mti wa mbambakofi alichokuwekea au alichokutumia, sikumbuki alitumia neno gani, kipana cha kutosha kazi hiyo. Kama kipo, kitatupunguzia taabu kubwa. Tangu zuio la mwaka 2018 la kukata miti katika misitu ya umma, ubao wa upana ule umekuwa wa kutafutwa kwa tochi, na hata zuio lilipotangazwa kuondolewa mwaka 2023, wauza mbao wetu hawakusikia habari yoyote ya kupunguza bei.

Je, kipande hicho unacho? Utaichukua marfaa uifanye huko, au utakuja uifanye hapa ili vijana waone? Ukiifanya, utatia nakshi za Maalim, au utatia zako? Na Maalim alikuahidi nini wewe, maana sidhani kama alikuacha bure? Ulipata kumsikia akitaja samadari, walau kwa mzaha? Na huu ubao wa Karani, nimwambie nini? Nijibu mapema, kwa mkono wa dereva yule yule anayeleta mizigo Mokowe, kwa sababu mwanawe Maalim anarejea Maskati mwisho wa mwezi na anataka aondoke na karatasi yake ikiwa imepigwa mistari yote.

Mke wangu anawasalimu nyote, na anasema kwamba kama utakuja, uje na halwa, wala usije na samaki, maana hapa tunao.

Wassalaam,

Nduguyo wa daka la Mkomani