Mwanangu, usiyakimbie maji

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, na pesa ya sabuni nimeshaituma. Lakini kuna jambo umeliandika mwishoni, kama la kupita tu, limeninyima usingizi: kwamba jioni hunywi maji kabisa kwa sababu choo kiko mbali na bweni lenu na unaogopa kutoka usiku, na sasa haja ndogo inakuchoma. Hofu yako naielewa. Dawa uliyojichagulia ndiyo ninayoikataa.

Figo zako huchuja takriban lita 180 kwa siku, maana majimaji yaleyale ya damu hupita humo tena na tena. Karibu yote hurudi mwilini. Kinachotoka ni lita moja na nusu hivi, na humo ndimo taka zinamoondokea. Ukijinyima maji, mkojo unakuwa mchache, wa rangi ya chai, na vijidudu vinavyopanda njia ya mkojo vinakosa wa kuvisukuma nje. Nadhani ndivyo vinavyokuchoma, lakini kapimwe, usimeze vidonge vya rafiki.

Tena uko Dodoma. Hapa kwetu jasho linatiririka, unaliona. Huko hewa ni kavu, linakauka kabla hujaligusa, ukadhani hukutoka jasho.

Unayakumbuka matuta yangu ya mchicha nyuma ya jiko? Saa saba mchana majani yote yamelala. Nikiyamwagilia jioni, hatujala chakula cha usiku yameshasimama. Mchicha hauna mifupa. Kinachousimamisha ni maji yaliyojaa ndani ya seli zake, kama upepo ndani ya tairi la baiskeli.

Nawe uliwahi kunilalia hivyo. Ulikuwa na miezi minane, ukaharisha siku mbili. Utosi ulibonyea, macho yakaingia ndani, ukawa unalia bila machozi. Nikiifinya ngozi ya tumbo lako, inabaki imekunjana. Muuguzi akakoroga pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, katika lita moja ya maji safi, akanipa kijiko cha chai: kimoja kila dakika, ukitapika ningoje kidogo nianze tena. Nikamuuliza, chumvi ya nini, na chumvi huleta kiu? Akasema kuta za utumbo zina milango inayopitisha chumvi na sukari vikiwa pamoja, na vikipita, maji huvifuata. Kumbe ndiyo maana maji matupu niliyokuwa nakupa nyumbani hayakukufaa. Usiku kucha kijiko, kijiko. Alfajiri ukakojoa mapajani pangu, kanga yote ikaloa, nikalia kwa furaha.

Nimezungumza na matroni. Amekubali mtoke wawili wawili usiku. Tochi na chupa ya lita moja vinakuja na basi la kesho. Ijaze asubuhi, uimalize kabla ya chakula cha mchana, kisha uijaze tena. Usingoje kiu. Na ukienda chooni tazama rangi: iwe njano hafifu.

Niandikie majibu ya kipimo mara utakapoyapata.

Mama yako